Tamthilia Zilizofutwa na Wapenzi Wao

Tarehe 23 Novemba, 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa televisheni uitwao Doctor Who. Fikira za watu jioni ile zilikuwa kwingine, hata Jumamosi iliyofuata ikabidi sehemu ya kwanza irudiwe kabla ya kuonyeshwa ya pili. Mchezo ulikusudiwa watoto na wazazi walioketi pamoja baada ya chai ya jioni, na habari yake ilikuwa ya mzee mmoja mwepesi wa hasira asafiriye katika nyakati na katika nyota kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi, ambacho ndani ni kipana kuliko nje. Aliyeuanzisha ni Sydney Newman, mtu wa Kanada. Mtayarishaji alikuwa Verity Lambert, mwanamke ambaye siku ile alikuwa hajatimiza miaka 28. Na mwongozaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa mgeni kwa namna yake katika nyumba ile ya utangazaji, na huenda ndiyo sababu waliweza kumfanya mgeni asiye na kwao kuwa mhusika mkuu.

Kutokana na mchezo huo, na mingine ya aina yake iliyoutangulia na kuufuata, limezuka kundi la watu ambao mapenzi yao yamewashangaza wahakiki. Wapo waliotumia miaka hamsini katika kusikiliza, kukusanya, kuorodhesha na kubishana. Aghalabu hali hiyo huelezwa kwa mojawapo ya njia mbili: ama ni utoto usiokwisha, ama ni hila ya wafanya biashara wanaouza vinyago na vitabu. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayafafanui kwa nini mapenzi yalikuwa makali zaidi hasa pale ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama wala cha kununua. Jambo hilo ndilo la kuchunguzwa, na haliwezi kuchunguzwa bila ya kujua kilichotendwa na BBC.

Kwanza, neno lenyewe. Kiingereza humwita mtu wa namna hii kwa neno lililofupishwa kutoka katika jina la Kilatini la mwenye wazimu wa hekaluni. Kiswahili kina maneno kadhaa, na hayalingani. Mshabiki ni wa mpira na siasa, naye huhitaji upande wa pili wa kumshinda. Mpenzi ni wa taarabu na muziki, nalo ni neno la heshima, ila ni pana mno. Mkereketwa, neno lililoenea kwa njia ya vyama vya siasa, limetoka katika kukereketa, yaani kuwasha kama kitu kilichokwama kooni. Kwa watu wanaosemwa hapa neno hili la mwisho ndilo linalokaribia zaidi ukweli, kwa kuwa kuna kitu kilichokwama, wala hakitoki wala hakimezeki. Hata hivyo katika makala haya litatumika neno mpenzi, kwa sababu mkereketwa limekwisha kuvaa sare ya chama.

Michezo ya kwanza ya televisheni ya Uingereza iliigizwa moja kwa moja, kama jukwaani. The Quatermass Experiment ya Nigel Kneale, iliyoongozwa na Rudolph Cartier mwaka 1953, ilikuwa na sehemu sita. Zilizorekodiwa na kusalia ni mbili za kwanza tu. Basi hadithi hiyo, ambayo ndiyo mzazi wa hadithi za kisayansi katika televisheni ya nchi ile, leo haina mwisho isipokuwa katika maandishi na katika filamu ya sinema iliyotengenezwa baadaye. Mwaka 1954 watu hao wawili waliigiza Nineteen Eighty-Four mara mbili katika juma moja, nayo mara ya pili tu ndiyo iliyohifadhiwa. Huo ulikuwa upungufu wa vyombo, na hakuna wa kulaumiwa.

Habari ya Doctor Who ni nyingine. Mchezo huu ulirekodiwa karibu wote katika utepe, na nakala za filamu zikatengenezwa kwa kuuzwa ng'ambo. Kisha vyote viwili vikaharibiwa, hatua kwa hatua, mpaka mwaka 1978. Utepe ulikuwa ghali na uliweza kutumika tena. Mapatano na chama cha waigizaji yaliwekea mipaka idadi ya marudio. Na ilipoingia televisheni ya rangi, picha nyeusi na nyeupe zilionekana hazina mnunuzi. Kila sababu ilikuwa na akili yake kwa karani aliyeitia sahihi. Hapakuwa na mtu mbaya katika jambo hili, na hilo ndilo la kuogofya. Katika sehemu 253 zilizoonyeshwa kati ya 1963 na 1969, 97 zilikuwa bado hazina picha hata baada ya ugunduzi mkubwa wa mwaka 2013.

Lakini sauti zimesalia. Hakuna hata sehemu moja ya miaka ile ambayo sauti yake haipo, wala sauti hizo hazikutunzwa na BBC. Zilinaswa majumbani na watazamaji, wengine vijana wa shule, ambao kila Jumamosi walifungua mashine zao za kunasia sauti na kurekodi. Waliotega maikrofoni mbele ya televisheni hawakuweza kuepuka kunasa na ya nyumbani. Waliojua ufundi waliunga waya kutoka katika televisheni yenyewe, na kazi yao ni safi. Hakuna aliyewaagiza. Hawakujua kwamba kinachofanyika upande wa pili ni kufuta. Walitaka tu kusikia tena kitu walichokipenda, katika zama ambazo mchezo ukishapita umepita. Picha nazo zilipata mtunzaji wa namna yake: mpiga picha John Cura alikuwa na biashara ya kupiga picha kioo cha televisheni na kuwauzia waigizaji na waongozaji, na picha zake ndogo ndizo leo zioneshazo jinsi sehemu nyingi zilivyokuwa.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawatakosa kutambua hali hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi katika vinywa vya watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpa W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Aliyehifadhi hakuwa mtunzi, wala serikali, wala chuo. Alikuwa mtu aliyependa na kukariri. Tofauti ni kwamba kariri ya binadamu hubadilika, hupunguza na kuongeza, na mashine hainyumbuki. Lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko idhaniwavyo, kama itakavyoonekana.

Faida ya kwanza iliyopatikana katika kusikiliza bila ya kuona ni kwamba baadhi ya kazi zimefahamika vizuri zaidi. Mfano ulio bora ni The Power of the Daleks, hadithi ya sehemu sita iliyoandikwa na David Whitaker na kuonyeshwa mwishoni mwa 1966. Haikusalia hata sehemu moja nzima ya picha yake. Nayo ilikuwa hadithi nzito kuliko zote za wakati ule kwa mchezo wenyewe, kwa kuwa ndani yake William Hartnell, aliyekuwa Daktari tangu mwanzo, alikuwa ameondoka, na mahali pake amekaa Patrick Troughton, mtu mwingine kwa sura, kwa umbo na kwa tabia, akidai kuwa ni yule yule. Rafiki zake wawili wanabishana: Polly yu tayari kumsadiki, Ben hataki. Mtazamaji naye yumo katika mashaka hayo hayo. Whitaker hakumaliza mashaka kwa maelezo. Alimleta Dalek, adui wa zamani, akamtambua Daktari kwa kumtazama tu. Ushahidi umetolewa na adui, na hapana mahakama iwezayo kuukataa.

Hapa yafaa kusema neno juu ya lugha ya hao Dalek. Viumbe hawa walibuniwa na Terry Nation, wakachorwa na Raymond Cusick, na mwishoni mwa 1963 waliwashika watoto wa Uingereza kwa namna ambayo haikutazamiwa. Newman mwenyewe alikuwa amekataza madude ya kutisha. Husemwa kwamba umbo lao, kwa kuwa halina miguu wala uso, ndilo lililoleta hofu. Umbo lina sehemu yake, lakini watoto hawakuweza kuwa na umbo hilo uwanjani mwa shule. Walichoweza kuwa nacho bure ni sauti. Mwigizaji, kama Peter Hawkins, alisema katika mtambo uliokwaruza sauti yake, naye alitamka kila silabi peke yake, kwa uzito mmoja na kimo karibu kimoja. Katika Kiingereza silabi isiyo na mkazo hunywea. Irabu yake hufifia hata ikakaribia kupotea, na kufifia huko ndiko kunakomjulisha mzungumzaji kuwa mwenyeji. Dalek hafifishi kitu. Analijua kila neno la Kiingereza lakini haimo ndani yake pumzi ya Kiingereza. Hofu basi ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya macho. Na labda ndiyo sababu sikio la Mswahili, lililozoea irabu zote kutamkwa wazi, haliwezi kushtuka kwa kadiri ile ile: kwake Dalek ni mtu anayesema Kiingereza kwa kusoma, jambo ambalo si geni Afrika ya Mashariki.

Katika hadithi hii Whitaker aliigeuza kasoro ya sauti kuwa kiini cha mchezo. Dalek wanapatikana wakiwa hawana nguvu katika koloni la binadamu kwenye sayari ya mbali, na mtaalamu mmoja jina lake Lesterson, aliyeigizwa na Robert James, anawarudishia uhai kwa umeme. Wanamwambia kwamba wao ni watumishi wake. Binadamu humtambua mwongo kwa kupanda na kushuka kwa sauti yake. Dalek ana kimo kimoja tu, kwa hiyo uongo wake na ukweli wake vina sura moja, na mwenye kusikiliza hana pa kushika. Mara moja tu ulimi unateleza. Dalek, akijilinganisha na binadamu, anaanza kutamka neno la kujisifu, analikata katikati, na kuweka mahali pake neno lisilo na madhara. Katika Kiingereza kukata huko kumeangukia ndani ya neno, kwa kuwa ulinganisho hukaa katika umbo la sifa yenyewe. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kukata mahali pengine, baada ya bora na kabla ya kuliko, na siri ingevuja mapema zaidi. Ni jambo dogo, walakini hadithi nzima imesimama juu yake.

Kisha mwishoni, viwanda vya Dalek vikiwa vimekwisha kuzaa jeshi, Lesterson aliyeharibika akili anamsimamia Dalek mmoja na kumwambia yale maneno ya utumishi yaliyoambiwa yeye hapo mwanzo. Kwa mwenye kuona, huenda macho yangeenda kwenye mashine. Kwa mwenye kusikia tu, hakuna ila sauti mbili na sentensi moja iliyohama kutoka kinywa kimoja hadi kingine. BBC ilipotoa hadithi hii mwaka 2016 kwa picha za katuni zilizobandikwa juu ya sauti ya zamani, kazi ilikuwa ya heshima, lakini nyuso zile zisizonyumbuka ziliupunguza mwisho huo. Msikilizaji wa utepe alikwisha kupata zaidi.

Kuna maandishi pia. Kabla ya kanda za video kuingia majumbani, mtoto wa Kiingereza aliyetaka kujua hadithi za zamani alinunua vitabu vidogo vya Target, vilivyoanza kutoka mwaka 1973. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Wahakiki wa vitabu hawakuvijali, na kama riwaya havidai mengi. Lakini Dicks alikuwa na desturi ya kueleza jambo moja kwa maneno yale yale kitabu baada ya kitabu: chombo kinapofika, sauti yake ni ile ile, Daktari wa nne, nywele zake ni zile zile. Huo sio uvivu tu, ijapokuwa uvivu nao umo. Ndivyo msimulizi wa hadithi za mdomo afanyavyo, na msikilizaji hupumzika katika maneno anayoyajua. Kizazi kizima kilipata Doctor Who kwa njia hiyo, kwa kusoma kile ambacho hakijakiona, na katika bongo zao michezo ikawa na mapango makubwa na majeshi yasiyohesabika ambayo fedha za BBC zisingeweza kuyajenga kamwe.

Ndipo ilipotokea kwamba vilivyopotea vilianza kurudi, na kurudi kwake kulikuwa mtihani wa mapenzi yenyewe. Mwaka 1983 sehemu mbili zilipatikana katika kanisa la Wamormoni huko London. Mwanzoni mwa 1992 The Tomb of the Cybermen ilirudi kutoka Hong Kong ikiwa kamili. Hadithi hiyo ilikuwa imesifiwa kwa miaka mingi kuwa ni kilele cha zama zake. Iliporudi, nyaya zilionekana, na mavazi yalionekana kuwa ni mavazi. Wengine walivunjika moyo, na tena wapo walioanza kuuliza jinsi mtumishi mweusi asiye na maneno mengi, Toberman, alivyoandikwa, swali ambalo halikuwa limesikika sana wakati picha ilikuwa katika kumbukumbu tu. Mwaka 2013 mambo yalikwenda kinyume. Sehemu tisa zilitangazwa kuwa zimepatikana Nigeria, katika kituo cha televisheni cha Jos: tano za The Enemy of the World na nne za The Web of Fear. Ya kwanza ilikuwa imedharauliwa, kwa kuwa sehemu moja iliyosalia ilikuwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Ilipoonekana nzima, na Troughton akiigiza wote wawili, Daktari na dhalimu afananaye naye, hukumu iligeuka kabisa.

Hapa mfano wa Sikujua na Taylor unarudi kwa uzito. Utepe haukubadilika, lakini waliousikiliza walikuwa wakiubadilisha muda wote, kama wakariri walivyobadilisha mashairi. Kilichotunzwa na wapenzi kwa miaka 25 hakikuwa Tomb of the Cybermen. Kilikuwa shairi lao wenyewe juu yake. Wapo wasemao kwamba hiyo ni hasara ya uhakiki. Huo ni ukali usiostahili. Bila ya shairi hilo hakuna ambaye angetafuta filamu katika maghala ya Hong Kong na Jos, na hukumu ya haki isingekuwa na kitu cha kuhukumu. Kosa la wapenzi liko mahali pengine.

Liko katika zama za pili, pale wapenzi walipokuwa watunzi. Mchezo ulikomeshwa mwaka 1989, na kwa muda wa miaka 16, ukiacha filamu moja ya televisheni ya mwaka 1996, uliishi katika riwaya zilizoandikwa kwa wingi na wapenzi wenyewe. Mmoja wa waandishi hao alikuwa Russell T Davies, ambaye mwaka 2005 ndiye aliyeurudisha kwenye televisheni. Peter Capaldi, aliyekuwa Daktari kuanzia 2013 hadi 2017, aliwahi kuandika barua ya sifa kwa Radio Times ikachapishwa mwaka 1974, naye kijana. Chris Chibnall alionekana katika televisheni mwaka 1986 akiwakosoa uso kwa uso waandishi wa wakati ule, akiwaambia kwamba kazi yao ilikuwa imechakaa. Miaka 32 baadaye yeye ndiye aliyeshika kalamu kuu. Hakuna tamthilia nyingi duniani ambazo watazamaji wake wameimiliki hivyo.

Davies aliandika kama mtu aliyejifunza kwamba mgeni lazima akaribishwe. Hadithi yake ya kwanza inatazamwa kwa macho ya msichana muuza duka, wala haimtaki mtu kujua lolote lililopita. Chibnall, katika The Timeless Children ya mwaka 2020, alifanya kinyume: alijaza pengo ambalo wapenzi wachache walikuwa wakilijadili tangu miaka ya 1970, akaeleza asili ya Daktari kwa urefu, na wahusika wengi wakasimama wakisikiliza. Wapenzi waligawanyika kwa hasira juu ya kama asili hiyo ni ya kweli. Swali la kweli au si kweli halina maana kwa mchezo ambao BBC haijapata kuuwekea orodha ya yaliyo sahihi. La maana ni kwamba mchezo ulianza kuzungumza na wale tu waliokwisha kuujua. Mnakili aliyezoea kujaza pembeni mwa karatasi aliyahamisha maelezo ya pembeni yakaingia katika beti.

Na yale ya pembeni yana utamu wake, yakibaki pembeni. Katika rundo la Jos haikuwamo sehemu ya tatu ya The Web of Fear, na BBC iliijaza kwa katuni mwaka 2021. Katika sehemu hiyo ndimo anamoingia kwa mara ya kwanza Kanali Lethbridge-Stewart, aliyeigizwa na Nicholas Courtney, ambaye baadaye alipandishwa cheo kuwa Brigedia na akawa mmoja wa watu wapendwao kuliko wote katika mchezo huu. Jinsi alivyotokea gizani katika mapito ya treni ya chini ya London, na jinsi Daktari alivyomtazama, hakuna filamu iliyorudi kuonyesha. Sauti zao wawili zipo, kama zilivyonaswa Jumamosi moja ya Februari, 1968, katika sebule ya mtu.